Shajara ya bia chachu, Moshi: sufuria moja, madumu manne, karatasi tatu za kuonjea

18 Januari

Nimepika leo. Kilo 2.2 za kimea cha shayiri, kilo 1.8 za ngano, maji lita 27 kwa jumla, na jioni nimebaki na lita 20 za maji ya kimea, matamu kama uji wa mtoto. Haidromita, kipimo cha sukari iliyomo, imesoma 1.041.

Ninachokitafuta ni bia nyepesi, chachu, yenye tunda ambalo mnywaji analitambua bila kuambiwa. Wabelgiji wanayo kriek yao ya cheri, lakini cheri za Moshi ni zile nyekundu za juu ya keki. Wajerumani wana Berliner Weisse, ambayo hutiwa sharubati nyekundu au ya kijani ndani ya glasi, na wana Gose yenye chumvi na giligilani. Iliyonivuta ni ya Wabrazili, Catharina Sour, yenye jina la jimbo la Santa Catarina: shayiri na ngano, uchachu safi, kisha matunda mabichi ya nchi ya joto. Hayo ninayo karibu na mlango, pale sokoni Mbuyuni.

Bakteria sikuwaagiza. Nimechukua vikombe viwili vya togwa ya jirani. Togwa ya Tanzania imeshachunguzwa maabara, na mmoja wa wenyeji wake wakuu ni Lactobacillus plantarum, ambaye anafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 37. Wale wa mtindi wanataka joto la zaidi ya 40. Kabla ya kumwaga togwa nimekamua ndimu mpaka pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka ukali unapanda) ikafika 4.5. Ndimu hizo si za ladha, ni za kuwafungia mlango wadudu wengine, hasa wale wanaoacha harufu ya matapishi. Sufuria nimeifunika, nikaizungushia mablanketi mawili, nikaiweka pembeni mwa jiko. Mke wangu ameuliza mgonjwa ni nani.

20 Januari

Saa 46 baadaye, pH 3.4. Harufu ya maziwa mgando, safi, hakuna uvundo. Nimechemsha dakika 15 ili bakteria wote wafe (huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, lakini kwa kazi hii zinatosha), nikaweka hopsi, maua ya kutia bia uchungu, gramu 10 tu, nikapoza, nikatia hamira ya bia.

Neno la kuandika mapema: nasema hamira, sisemi chachu. Chachu ni hamira, na chachu ni ladha. Fundi wa majokofu alipopita jioni aliniuliza, "Hiyo bia ina chachu au ni chachu?" Nikamjibu yote mawili. Akasema basi imeshaharibika.

1 Februari

Hamira imemaliza kazi: 1.008, yaani kilevi asilimia 4 na ushee. Nimegawa kwenye madumu manne ya kioo, lita 5 kila moja.

Dumu A, pasheni: rojo gramu 750, pamoja na mbegu zake. Nusu sado nzima imekwenda humo.
Dumu B, embe dodo: kilo 1 ya nyama, imesagwa.
Dumu C, ukwaju: gramu 300, umelowekwa, ukakamuliwa.
Dumu D, choya (rozela) kavu: gramu 40.

Pasheni na embe nilizipasha hadi nyuzi 72 kwa dakika 15. Ukizidisha moto, ule ute wa tunda unaotumika kugandisha jemu unaachia na bia inabaki na ukungu usiotulia. Choya nilimwagia maji ya moto. Ukwaju niliutia hivyo hivyo na maji ya uvuguvugu, kwa hoja kwamba kitu kikali namna ile hakiwezi kubeba mdudu. Niikumbuke hoja hii.

15 Februari. Karatasi ya kwanza

Waonjaji tisa, sebuleni, saa nne asubuhi kabla ulimi haujachoka. Mililita 60 kila glasi, bia kwenye nyuzi 9, mkate mweupe na maji katikati. Karatasi niliitoa moja kwa moja kwenye mfumo wa BJCP, chama cha waamuzi wa bia cha Marekani kilichoanza 1985. Alama zao ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Nikaitafsiri, nikaipiga chapa, nikagawa na kalamu.

Haikufanya kazi.

Kosa la kwanza ni la binamu yangu, mgumu wa mlimani, yaani mpagazi, aliyeshuka juzi na watalii: alikuja kutoka kwenye kitimoto na pilipili. Kwake zote nne zilikuwa "za moto". Huyo nilimsamehe. Kosa kubwa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye karatasi. Kwenye nafasi ya kasoro, watu watano waliandika neno moja: *imechacha*. Kwenye nafasi ya sifa, wawili waliandika neno hilo hilo. Nilipowauliza mmoja mmoja, wa kasoro alimaanisha dumu C lina kitu cha siki kwa nyuma, mwingine alimaanisha ni kali tu, na mwingine, nesi mstaafu, alisema, "Mwanangu, wali ukichacha unamwaga. Wewe umeniletea kilichochacha ukaniuliza kizuri kiasi gani."

Alama nilizijumlisha hata hivyo. Choya ilishika nafasi ya kwanza, 34. Pasheni 31, embe 27, ukwaju 25. Choya ilisifiwa harufu ya "matunda mekundu", na watu wawili walidai wanasikia stroberi. Ile ni maua makavu.

17 Februari

Nimekaa na mwalimu wa kemia, ambaye naye ni mwonjaji, tukaandika upya. Kiswahili kina maneno ya hii kazi kuliko tulivyodhani. Shida ni kwamba tunayaweka jikoni na kwenye matunda, hatuyapeleki kwenye glasi. Tulichofikia:

*Ugwadu* ni ule mkali wa tunda, wa ndimu, wa embe bichi. Unauma pembeni mwa ulimi na mate yanakimbia.
*Uchachu wa maziwa* ni wa mgando na togwa, laini, wa katikati ya ulimi. Huu ndio wa bakteria wetu.
*Usiki* tumelazimika kuutunga, maana "siki" peke yake watu wanaisoma kama kitu kilichotiwa. Huu unapanda puani.
*Ukakasi* si ladha, ni hisia: ndizi mbichi, bibo, ulimi kama umepakwa chokaa.
*Ganzi ya meno* mtu hahitaji kuelezwa.
*Chapwa* na *dufu*, kwa bia isiyosema kitu.
*Imekolea*, kwa tunda lililoingia sawasawa.

Neno *kuchacha* tumelifuta kabisa kwenye karatasi. Anayetaka kulitumia achague ni lipi kati ya hayo.

Mwalimu alileta pia chupa ya sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, ya kuzimia asidi, kutoka maabara yake ya nyumbani na bireti, mrija wa kudondoshea wenye vipimo. Nilikuwa na swali: pasheni na choya zote zimesoma pH 3.3, mbona wote wanasema pasheni ni kali zaidi? Tulitikisa bia mpaka gesi ikatoka yote (gesi nayo ni asidi, ukiiacha inakudanganya), tukachukua mililita 10, tukadondosha hadi pH 8.2. Choya ilikunywa mililita 7. Pasheni 12.5. Kila mililita ni gramu 0.9 za asidi ya laktiki kwa lita, kwa hiyo choya ina 6.3 na pasheni ina zaidi ya 11. pH inakuambia asidi iliyofunguka muda huo; ulimi unahesabu hata ile iliyobaki imefungwa, kwa sababu mate yanapoipunguza nguvu nyingine inatoka kuziba pengo. Nimekuwa nikiandika pH kwenye kila dumu kama mtu anayepima uzito wa mzigo kwa kuangalia rangi ya gunia.

1 Machi. Karatasi ya pili, vikombe vyeusi

Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux waliwapa wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Nilipoikumbuka habari hiyo nikaielewa stroberi ya choya. Nimenunua vikombe tisa vya plastiki vyeusi, na mapazia tumeshusha.

Choya imeanguka kutoka 34 hadi 26. "Chapwa", wameandika wanne. "Kama chai iliyopoa", mmoja. Harufu ya stroberi imeyeyuka pamoja na rangi. Mwonekano una alama 3 tu kati ya 50 kwenye karatasi, lakini siku ile ulikuwa umeshika usukani wa zote.

Pasheni imepanda hadi 36, na mara hii najua kwa nini, kwa sababu maneno yanafanana: ugwadu, imekolea, ganzi ya meno kidogo. Watu wanane kati ya tisa wamelitaja tunda lenyewe bila kuambiwa. Embe wamelitambua watatu. Wawili wameandika "tapentaini", na hawajakosea: embe lina harufu za jamii moja na za msonobari, sukari ikiliwa na hamira utamu unaozificha unaondoka. Embe bivu la kula na embe ndani ya bia ni watu wawili tofauti.

Tukajaribu na chumvi. Kwa mtindo wa Gose nilitia nusu gramu kwa lita kwenye sehemu ya embe. Kila mtu vikombe vitatu, viwili sawa na kimoja tofauti, amtafute mgeni. Kwa kubahatisha tu, theluthi moja wangepatia. Kwa watu tisa inatakiwa wapatie sita ndipo useme tofauti ipo kweli. Wamepatia watano. Binamu alitaka tuandike kwamba chumvi imefanya kazi kwa sababu yeye amepatia. Tano si sita. Nimeandika: haijulikani, rudia na gramu 1.

9 Machi. Kibosho

Shangazi yangu amepika mbege kwa miaka zaidi ya arobaini, nami nimekuwa nikizunguka na karatasi mjini kana kwamba hakuna mtu huku aliyewahi kuonja kitu chachu na kukitolea hukumu. Nimempelekea chupa nne ndogo.

Nimemkuta anachanganya mso, ulezi ulioota na kusagwa na kupikwa, na maji ya ndizi zilizokaa siku kadhaa. Gome la msesewa lilikuwa pembeni, la kutia uchungu. Nilimwamkia, akaitikia, akafuta mikono kwenye khanga, akasema nimimine kidogo, si kwenye glasi, kwenye kata.

Pasheni alikunywa, akatikisa kichwa kukubali. Embe, "Hili limelala." Choya hakusema kitu, alirudisha kata.

Ukwaju ndio nataka niuandike kama ulivyokuwa. Alinusa, akanywa, akameza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuuliza. Akaninyooshea kidole ninyamaze. Akakaa kimya kiasi cha kuhesabu hadi kumi na tano, macho kwenye mgomba, kisha akakunja pua.

"Inarudi," akasema.

"Nini kinarudi, shangazi?"

"Subiri nawe. Meza, usile kitu, usinywe maji. Subiri."

Nikameza. Ukwaju, ugwadu, kidogo cha siki, vizuri. Halafu hakuna kitu. Halafu, kutoka nyuma ya koo, kikaja kitu kama kabati la zamani lililokaa panya, pamoja na mkate uliovunda. Nilikuwa nimeionja bia hiyo zaidi ya mara kumi tangu Februari na sikuwahi kukisikia, kwa sababu kila mara nilikuwa nakimbilia mkate na maji. Nilifundisha watu tisa kufanya hivyo hivyo.

Shangazi akadondosha matone mawili kwenye kiganja, akasugua na kiganja kingine, akaninusisha. Harufu ile ile, sasa bila kusubiri. "Mbege ya namna hii," akasema, "mlevi anaisifu kwa sababu anapiga kata juu ya kata, haipati nafasi ya kumrudia. Aliye mzima inamsuta."

Nimerudi mjini na kusoma. Kemikali zenyewe kwa kifupi chake huitwa THP. Ndani ya bia kali zinakuwa zimefungwa na asidi, haziwezi kuruka puani. Ukimeza, mate yanapunguza asidi mdomoni, ndipo zinaachiwa. Ngozi ya kiganja inafanya kazi ile ile, na watengeneza divai nao wana mtihani huo wa kusugua mkononi. Hutengenezwa na baadhi ya bakteria wa laktiki na hamira za porini aina ya Brettanomyces, hasa hewa ikiingia. Wadudu hao waliingia na ukwaju wangu wa uvuguvugu. Na hewa? Niliingiza mimi, kila nilipofungua dumu C kuonja linaendeleaje.

10 Machi. Karatasi ya tatu

Nimeongeza mstari mmoja chini ya ladha: *Inarudi? Meza, hesabu hadi ishirini, kisha andika.* Na mkate umehamia mwisho wa kila kikombe, baada ya kuhesabu. Mpangilio ni kuanzia yenye asidi ndogo kwenda kubwa, kwa kipimo cha bireti, si cha pH: choya, embe, ukwaju, pasheni.

22 Machi

Masika yameingia vizuri, stoo ina unyevu. Nimeweka bia kwenye chupa, tisa hadi kumi na moja kila dumu, sukari gramu 6 kwa lita kwa ajili ya gesi.

29 Machi

Saa nane usiku mlio kama wa tairi. Pasheni, chupa tatu, moja baada ya nyingine. Vioo vimefika hadi kwenye gunia la mahindi, na mahindi yote imebidi yachambuliwe upya. Haidromita ilisoma 1.011 siku naziba chupa, nikajiambia ni uzito wa rojo. Ilikuwa sukari ya tunda ambayo hamira haikuwa imeimaliza. Chupa saba zilizobaki nimezifungua moja moja ndani ya ndoo, zimefungwa taulo, nikiwa nimevaa koti zito la mlimani la binamu na miwani ya kuchomelea. Nimeziacha zitulie na kuziziba tena. Safari ijayo kipimo kiwe kile kile siku tatu mfululizo, ndipo chupa iguswe.

12 Aprili

Waonjaji wanane, nesi amesafiri. Shangazi ameshuka na gari la asubuhi, akachukua nafasi yake, kwa hiyo tumebaki tisa. Vikombe vyeusi, karatasi ya tatu.

Pasheni 37. Kwenye mstari wa *inarudi*, wote tisa: hapana. Maneno yaliyojirudia ni ugwadu, imekolea, gesi nyingi mno. La gesi nimestahili.

Embe 25, choya 26. Embe silirudii peke yake. Nitalitia sehemu tatu kwa sehemu moja ya pasheni, lipate mtu wa kulisemea. Choya ibaki kazi ya rangi, gramu 3 kwa lita, isiombwe ladha.

Ukwaju ndio uliogawa chumba. Sita wameandika "inarudi", na kati yao wanne wameshindwa kumaliza kikombe. Watatu wameandika hapana na kuupa alama za juu kuliko pasheni. Shangazi alidhani hawakusubiri. Tukawarudishia, tukawahesabia sisi wenyewe kwa sauti hadi ishirini na tano, tukawasugulia viganjani. Wawili wakakiri kuna kitu. Binamu alinusa kiganja chake, akanusa changu, akanusa cha shangazi, akasema anasikia sabuni. Wapo watu wasioisikia THP kabisa, na mmoja wao amekuwa akinipa alama tangu Februari.

Ladha hii huwa inafifia chupa zikikaa miezi kadhaa bila kuguswa. Zilibaki sita za ukwaju. Nimezifunga kwenye gunia, nikaandika *Julai*. Binamu anapanda mlima kesho kutwa na ameomba apewe zote, maana kwake hazina kosa. Nimempa mbili. Nne ziko chini ya kitanda.